Ngoma ya Rumanyika na Nyundo ya Thor

Ndugu msomaji, usigeuze ukurasa kwa kudhani haya ni mambo ya watoto. Nataka kukusimulia habari za visanamu vya mashujaa, vile vidogo vinavyoenea kwenye kiganja, ambavyo mimi na washikaji wachache wa hapa Bukoba tunavinunua mitumbani, tunavikwangua, tunavikata, tunavibadilisha na kuvipaka rangi upya. Nataka pia kukusimulia habari za mfalme mmoja wa Karagwe aliyekuwa na nyumba nzima ya wanyama wa shaba. Ukiziangalia juu juu, habari hizi mbili hazina udugu. Subiri kidogo. Zinao, tena ni udugu wa tumbo moja.

Nitangulize kusema kwa nini naandika. Kuna swali nililoletewa nyumbani kwa bibi yangu, Kamachumu, wilayani Muleba, nalo lilinitaka nichague upande: je, kila kitu cha kale tunaruhusiwa kukipaka rangi mpya? Nitalifikia swali hilo. Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe.

Mbuzi kwenye gunia

Mwaka 2000 Mmarekani aitwaye Jordan Weisman alianzisha kampuni ya WizKids, na mwaka huo huo ikatoa mchezo wa mezani wa visanamu uitwao Mage Knight. Mwaka 2002 ikafuata HeroClix, ambayo visanamu vyake ni mashujaa wa vitabu vya katuni: Spider-Man, Hulk, Batman na wenzao. Ujanja wa mchezo uko kwenye kitako. Ndani yake kuna kisahani chenye namba, na juu kuna kidirisha. Shujaa akipigwa unazungusha kitako, kinalia kliki, namba mpya zinajitokeza dirishani: mbio zimepungua, ngumi imepungua, ulinzi umepungua, mpaka mtu anatolewa mchezoni. Jina la mchezo limetokana na mlio huo. Kampuni ilinunuliwa na Topps mwaka 2003, ikafungwa mwaka 2008, mwaka 2009 ikaangukia mikononi mwa NECA, na mchezo ukaendelea.

Visanamu hivyo huuzwa vikiwa tayari vimepakwa rangi kiwandani, ndani ya boksi lisiloonyesha kilichomo. Yaani unauziwa mbuzi kwenye gunia. Na kwa kuwa rangi ya kiwandani hupakwa harakaharaka, kwa maelfu, si ajabu kumkuta shujaa mwenye jicho moja shavuni na jingine kwenye paji la uso. Hapo ndipo hobi yetu ilipozaliwa huko ng'ambo: watu walichoka kuwatazama mashujaa wenye makengeza, wakachukua brashi.

Hapa kwetu vitu hivi vinatufikia kwa njia ya mitumba. Robota la vitu vya watoto likifunguliwa, kati ya midoli isiyo na vichwa na magari yasiyo na magurudumu, mara utamwona shujaa mmoja amelala kifudifudi, mkono umekatika, kitako hakipo. Muuzaji hamjui ni nani, anakupa kwa bei ya pipi. Lakini asikuone unamng'ang'ania! Muuzaji mjanja akiona macho yako yameng'aa, bei inapanda papo hapo.

Kazi huanza kwa sabuni. Kisanamu kinasuguliwa kwa mswaki wa zamani, maana mafuta ya viganja yanazuia rangi kushika. Kikikauka kinapata rangi ya msingi, tabaka moja jepesi. Halafu zinakuja rangi zenyewe, zimezimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu rangi nzito huziba pua na vidole, shujaa akafanana na mshumaa ulioyeyuka. Baada ya hapo unapitisha rangi ya giza iliyozimuliwa sana. Hii inatiririka yenyewe na kutuama kwenye mikunjo ya nguo, ikaleta kivuli. Mwisho unagusa sehemu zilizoinuka kwa rangi angavu kidogo, kana kwamba jua la saa nne linampiga. Mkono uliopinda unatumbukizwa kwenye maji ya moto, plastiki inalegea, unaunyoosha, unautia kwenye maji baridi, unakaza. Kiungo kilichokatika kinatobolewa tundu, kinatiwa kipande cha waya, ndipo gundi inafuata. Gundi peke yake haina msimamo.

Wanaoanza nawapa tahadhari mbili. Rangi ya kucha inavutia kwa kung'aa, lakini dawa iliyomo inaweza kuila plastiki. Rangi ya kupuliza ya mafundi magari nayo, kwenye plastiki laini, inaweza kubaki inanata muda mrefu ajabu. Mshikaji mmoja wa Kashai ana Hulk ambaye mpaka leo ukimshika anakuachia vidole vya kijani.

Askari wa mbao, askari wa kweli

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunaiga tu. Hebu turudi nyuma. Yapata miaka 4,000 iliyopita, kule Asyut nchini Misri, mkuu mmoja aitwaye Mesehti alizikwa na vikosi viwili vya askari wadogo wa mbao. Kimoja kina askari 40 wa Kimisri wenye mikuki na ngao, kingine kina wapiga upinde 40 wa Nubia. Wote wamepakwa rangi, ngozi na nguo, na wote wanatembea kwa mguu wa kushoto mbele. Kwa hiyo ukitafuta mzee wa hobi hii, mtafute bonde la Nile kabla hujaenda kwingine. Na sisi wa Kagera, ambao maji ya mto wetu huingia Ziwa Victoria na kuendelea mpaka Misri, si wageni kabisa katika bonde hilo.

Ulaya walilipokea jambo hili kwa namna yao. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita wa mezani, na jeshi likautumia kufundishia maofisa. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kumimina askari wa madini ya risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu kuliko waliotangulia. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule bingwa wa hadithi za sayansi, alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari hao sakafuni, Little Wars. Ndani yake alitoa hoja ambayo naipenda: kwamba vita vya sakafuni vingemtosha binadamu, na kwamba aliyewahi kuvicheza anaona upesi jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu mkubwa.

Hawakumsikiliza. Mwaka uliofuata dunia ikawaka. Na tarehe 22 na 23 Juni 1915 moto huo ukafika hapa hapa Bukoba. Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu kuja kukivunja kituo cha Wajerumani cha simu ya upepo. Kati ya washambuliaji alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mzee wa miaka 63, ambaye jina lake lilikuja kupewa lile pori la akiba la kusini. Mnara ukaangushwa, mji ukaporwa, askari wakapanda meli wakaondoka. Waliobaki na majivu walikuwa wenyeji, ambao ugomvi wenyewe haukuwa wao. Kila ninapopanga visanamu vyangu mezani naikumbuka tarehe hiyo. Wangu wakianguka, nawasimamisha tena.

Nyumba ya hazina

Sasa twende Karagwe. Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant, wakitafuta chanzo cha Nile, walifika kwa Mfalme Rumanyika, mwana wa Ndagara. Walikaribishwa vizuri mno, na Speke akaandika mengi aliyoyasikia pale. Moja ni hili. Ndagara alipofariki, wanawe waligombea kiti. Ili kumpata mrithi wa haki, iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa macho, lakini iliyotiwa nguvu za ajabu. Asiyestahili hakuweza hata kuisogeza. Rumanyika, kwa mujibu wa alivyoambiwa Speke, aliinua ngoma ile kwa kidole kidogo.

Hapo sasa! Msomaji wa katuni, hadithi hii huijui? Mwezi Agosti 1962, karne moja baada ya Speke kuisikia habari ya ngoma, kampuni ya Marvel ilimtoa Thor, mungu wa radi wa Waskandinavia wa kale, akiwa na nyundo ambayo asiyestahili hawezi kuiinua. Sisemi kwamba Stan Lee na wenzake walimsoma Speke. Sina sababu ya kusema hivyo, na mwandishi anayetaka kuheshimiwa asirukie madai ya namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kagera anayemtazama Thor akashangaa, "Jamaa anaweza!", angeshangaa vivyo hivyo kwa Rumanyika, kama kuna mtu angemsimulia. Nani alimsimulia?

Mwaka 1876 alifika Stanley. Huyu watu wa Muleba wanamkumbuka kwa ubaya, maana mwaka mmoja kabla, 1875, aliwapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire, tena kwa awamu mbili: kwanza aliponasuka mikononi mwao, kisha aliporudi kulipiza kisasi. Lakini Karagwe alipokelewa kwa amani, na Rumanyika akamfungulia nyumba ya hazina. Stanley aliorodhesha alichokiona: bata 16 wa shaba ya njano wenye mbawa za shaba nyekundu, wanyama 10 waliokusudiwa kuwa pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Kulikuwa na silaha za kifalme pia, na bunduki aliyoiacha Speke kama zawadi.

Tuitazame orodha hiyo kwa jicho la fundi, si kwa jicho la mtalii. Bata wa rangi mbili! Mwili wa njano, mbawa nyekundu. Aliyemtengeneza alikaa akachagua: hapa niweke shaba hii, hapa ile, ili macho yatenganishe bawa na mwili. Ndicho ninachokifanya mimi kwa brashi. Na ng'ombe ndio usiseme. Katika vifaa vya kifalme vya Karagwe yamo pia mafundo ya chuma: ng'ombe wa chuma mwenye pembe ndefu, na nyundo za mhunzi zilizofanyiwa kazi kwa uangalifu kupita mahitaji ya kupiga jembe. Simulizi za kule zinamtaja Ndagara mwenyewe kuwa alikuwa mhunzi hodari. Ng'ombe alikuwa mali, na chuma kilikuwa jembe na mkuki. Mfalme aliyeshika ng'ombe wa chuma alishika utawala wote kwa mkono mmoja. Visanamu hivyo havikuwa mapambo ya kabati.

Thor apewa ngoma

Baada ya kuyasoma hayo nilimchukua Thor wangu wa mtumbani. Nyundo yake ilikwishakatika zamani. Nikamkunja kiwiko kwa maji ya moto, nikamtengenezea ngoma ndogo kwa kipande cha tawi la mbuni, nikaitoboa na kuitia waya, ikakaa juu ya kidole chake kidogo. Joho jekundu nikaligeuza rangi ya nguo ya gome la mti, ile kahawia ya kuiva. Kofia yenye mabawa nikaikata kwa wembe, nikaisawazisha kwa msasa. Uso na ngozi nikavipaka upya mara tatu mpaka nikatosheka. Nikaandika chini ya kitako: Rumanyika.

Kijiweni ukazuka ubishi wa jioni nzima. Mmoja akasema, "Kaka, hapo umeharibu. Thor bila nyundo ni nani?" Mwingine akasema kisanamu kilichobadilishwa hakina bei tena kwa wakusanyaji, maana wao wanataka kile kilichotoka kiwandani bila kuguswa. Huyo alikuwa na hoja. Kwa mkusanyaji, mkono wangu ni uharibifu. Wa tatu, ambaye ndiye aliyenichoma zaidi, akasema, "Ungemchonga Rumanyika wako mwenyewe tangu mwanzo. Kwa nini umvalishe mwili wa mtu mwingine?"

Jibu langu nililitafuta kwenye enanga. Mnaoishi mbali na Kagera, enanga ni kinanda chetu cha mti uliochimbwa kama mtumbwi, chenye nyuzi zilizotandazwa juu yake. Kwa enanga hiyo wasanii wetu waliimba habari za mashujaa usiku kucha: wakazi wa ikulu, wawindaji, mabingwa wa vita, na Wachwezi kama Wamara na Mugasha mwenye ziwa na dhoruba. Profesa M. M. Mulokozi, ambaye wengi mnamjua kwa riwaya yake ya Ngome ya Mianzi, alifanya kazi kubwa ya kuwatafiti wasanii hao. Mwaka 1983 aliandika makala kuuliza kama kweli ni watunzi wa tendi, wakati ambapo wataalamu kadhaa wa nje walikuwa wakidai Afrika haina tendi. Mwaka 1997 akaandika juu ya Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata 1929 na kufariki 1993, bingwa aliyeimba utendi wa shujaa Rukiza.

Sasa sikiliza. Msanii wa enanga haimbi utendi ule ule neno kwa neno kila siku. Shujaa anabaki, mifupa ya kisa inabaki, lakini kila usiku mwimbaji anaongeza hapa, anapunguza pale, anamtaja mwenyeji wa nyumba, anamvika shujaa vazi jipya la maneno. Wasikilizaji hawamwiti mharibifu. Wanamwita fundi. Kazi ya kumbadilisha shujaa ni ya zamani hapa kuliko plastiki. Kwa hiyo kwa yule mshikaji wa tatu nilijibu hivi: mwimbaji hatengenezi enanga mpya kila wimbo. Anachukua ile iliyopo, anakaza nyuzi, anaanza. Mwili wa plastiki ndio uliopo, umeletwa na meli, umetupwa na mtoto wa Ulaya aliyekua. Nimekaza nyuzi.

Na nikaongeza hili: huko Marekani wenyewe hawakuona haya kutuazima. Julai 1966 Stan Lee na Jack Kirby walimtoa Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Wakanda, inayoishi kwa madini ya ajabu. Filamu yake ya mwaka 2018 ilijaza majumba ya sinema duniani, na ndani yake mmeona Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Ufalme wa Kiafrika wenye siri ya chuma! Watu wa Kagera tulikuwa na haki ya kucheka kidogo.

Chuma cha bibi

Nacheka kwa sababu siri hiyo imechimbuliwa hapa hapa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi Buhaya, Katuruka na kando ya ghuba ya Kemondo, akaongozwa na wazee waliomwonyesha mti wa Kaiija na kumsimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe na wahunzi. Alipochimba alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani sana, miaka 1,500 na zaidi. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya, wakapanga nyasi za kinamasi zilizochomwa chini, mkaa juu, wakavukuta hadi chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Wataalamu wamebishana juu ya baadhi ya maelezo yao, hasa namna hewa ilivyopata joto kabla ya kuingia kwenye moto, lakini ustadi wa wahunzi wenyewe uko pale pale, kwenye udongo.

Haya, sasa lile swali. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mchana, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Kwa bibi, Kamachumu, ukuta wa nyuma ulilala chini. Tulipokuwa tunaondoa tofali, mjomba akaokota kichuma kizito, kirefu kama kutoka kiwiko hadi kiganja, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, hakina mpini wala tundu la mpini. Kimejaa kutu. Bibi akakitazama, akasema, "Waitu, hiyo ni nyundo ya baba mkwe wangu."

Mzee huyo alikuwa mhunzi. Alipiga majembe na visu mpaka majembe ya dukani yalipoenea na wateja wakamkimbia. Akaiweka nyundo chini ya kitanda, nyumba ikajengwa upya, kitu kikasahaulika. Bibi alikumbuka mlio wake tu, wa asubuhi, wakati yeye ni bibi harusi mgeni. Jina la aliyemfundisha mzee kazi hakulijua, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Mjomba akanigeukia. "Wewe si ndiye fundi wa rangi? Ikwangue kutu hiyo, uipake dhahabu, tuiweke sebuleni. Wageni waone kwamba na sisi tulikuwa na watu."

Msimwone mjomba mjinga, jamani. Nia yake ilikuwa heshima. Nyumba imepasuka, fedha za kujengea hazipo, na mtu anataka kitu kimoja kinachong'aa cha kuinulia kichwa. Aidha, ni mjomba: mtoto wa dada hapingi kirahisi. Na mimi, niliyemnyang'anya Thor nyundo yake, ningepata wapi mdomo wa kusema nyundo haiguswi?

Nilimwomba wiki moja. Nikaisafisha vumbi kwa brashi kavu, bila maji, nikaitazama kwa jua la pembeni kama ninavyotazama kisanamu kabla ya kukipaka. Upande mnene una vijishimo, vingi zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia. Yule mzee alipiga akiwa ameegemea upande mmoja, miaka na miaka. Mwili wake umeandikwa pale. Na mimi najua rangi inafanya nini kwenye vijishimo: inavijaza. Hiyo ndiyo kazi yake, ndiyo sababu tunaizimua kwa maji ili isizibe pua na vidole. Msasa ungefanya vibaya zaidi, ungevifuta kabisa. Zaidi ya hayo, rangi juu ya kutu huificha tu, na chini yake kutu inaweza kuendelea kula kimyakimya.

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyokuwa naitafuta. Thor wa plastiki ametolewa kiwandani kwa maelfu. Nikimbadilisha mmoja, ndugu zake wapo, na aliyembuni amehifadhiwa vitabuni. Nyundo ya mzee ni moja. Hakuna kitabu kinachomtaja. Nikiifuta, nimefuta maandishi pekee aliyoyaacha. Mwimbaji wa enanga anaubadilisha wimbo, lakini hakuna mwimbaji anayeuchoma moto mti wa enanga ili upendeze.

Nikarudi kwa mjomba na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa nakala: nilifinyanga nyundo ndogo, theluthi ya ile ya kweli, kwa gundi ya epoksi ya mafundi magari juu ya waya mnene, nikaweka hata vile vijishimo, vingi kushoto kuliko kulia, nikaipaka dhahabu tabaka nne. Cha pili kilikuwa nyundo yenyewe, imepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, imefungwa, pamoja na daftari la kurasa 40. Ndani nimeandika maneno ya bibi kama alivyoyasema, kwa Kihaya na kwa Kiswahili: ilikuwa ya nani, ilipiga nini, ilikaa wapi, iliokotwa siku gani.

Mjomba aliishika ile ya dhahabu kwanza, kama nilivyotarajia. Akacheka. Kisha akaishika ile ya kutu, akakitafuta kwa kidole gumba kile kidato cha kushoto. Hakusema kitu. Akaniuliza tu daftari lina nafasi kiasi gani, kwa sababu naye ana mambo anayoyakumbuka. Leo ya dhahabu inakaa juu ya kabati la televisheni, wageni wanaiona. Ya kweli iko kwenye sanduku, pakavu, juu ya sakafu.

Ndugu zangu waandishi chipukizi, mnaoniuliza kila mara tuandike nini, huu ndio ushauri wangu. Mashujaa wa katuni wachukueni bila woga, wabadilisheni majina, mavazi na silaha, wavusheni ziwa. Si wa kwanza, wala hamtakuwa wa mwisho. Lakini kabla ya kumvisha Rumanyika mwili wa plastiki, ulizeni nyumbani kuna nini chini ya kitanda. Ulizeni sasa hivi, wakati anayekumbuka mlio bado yupo. Andikeni jina, andikeni kijiji, andikeni siku, na pale msipolijua jina acheni nafasi wazi, msiijaze kwa kubuni. Kubuni kuna mahali pake, na mahali pake ni pakubwa.

Mimi kwa leo kalamu naiweka chini. Yuko Spider-Man mmoja hapa mezani hana miguu, na daftari la mjomba limebakiza kurasa sita.